Kamera nane zipo, vioo vya magari bado vinaibwa: tuongeze nyingine?

SWALI: Ninasimamia hoteli ya vyumba 40 jijini Arusha. Maegesho ni ya magari 35, yako nyuma ya jengo, yana ukuta na geti moja. Ndani ya miezi mitatu tumepoteza vioo vya pembeni vya magari mawili, tairi la akiba la gari la safari, na kompyuta mpakato iliyochukuliwa ndani ya gari ambalo halikuvunjwa popote. Tuna kamera nane na walinzi wawili usiku. Kwenye picha tunaona vivuli tu, na getini namba za magari hazisomeki. Fundi anashauri tuongeze kamera nane. Tukubali?

JIBU: Msikubali kwanza. Eneo la magari 35 linatoshwa na kamera nane zikiwa zimewekwa vizuri. Mnachokosa ni mwanga, na mkiongeza kamera gizani mtapata vivuli vingi zaidi.

Tuanze na taa. Hoteli nyingi hufunga taa kubwa mbili au tatu kwenye ukuta wa jengo, zikimulika nje. Ukisimama mlango wa nyuma unaona kunang'aa. Sasa nenda ukachuchumae kati ya magari na ukuta wa mpaka: kila gari linatupa kivuli chake upande huo, na hapo ndipo mwizi wa vioo hukaa. Kioo cha pembeni hung'olewa kwa sekunde chache, kwa hiyo kivuli cha upana wa mita moja kinamtosha.

Dawa ni kuleta mwanga kutoka pande zote mbili. Gari moja pamoja na sehemu yake ya njia huchukua kama mita za mraba 25, kwa hiyo eneo lenu ni karibu mita za mraba 900. Taa nane za LED za wati 50, zenye lumeni (kipimo cha mwanga unaotolewa na taa) 6,000 kila moja, zinatoa lumeni 48,000. Hesabu theluthi moja tu ndiyo inayofika chini, kwa sababu ya vumbi na mwanga unaopotea pembeni, na mtapata wastani wa laksi 18 hivi (laksi ni lumeni zinazoangukia kila mita ya mraba). Wastani wa 15 hadi 20 unafaa, ila pale penye giza kuliko pote pasishuke chini ya 5. Nne zikae upande wa jengo na nne kwenye nguzo za mita 5 au 6 kando ya ukuta wa mpaka, zote zikitazama chini. Ziwashwe na fotoseli (swichi inayowasha taa yenyewe giza likiingia), msitumie senso ya mwendo: paka na matawi huiwasha usiku kucha hadi mlinzi anaacha kuitazama. Kwa saa 12 zitakula yuniti 4.8. Michongoma iliyo ndani ipunguzwe isizidi sentimita 60, na miti isiwe na matawi chini ya mita 2.

Sasa geti. Namba hazisomeki kwa sababu kamera yenu inatazamana na taa za mbele za gari. Igeuzeni ipige namba ya nyuma gari likishapita, ikiwa pembeni ya njia, kimo cha mita 1.2 hadi 1.5, na mshazari usiozidi nyuzi 30. Picha yake ichukue upana wa mita 4 au 5 tu. Kamera ya megapikseli 2 ina pikseli 1,920 kwa upana, kwa hiyo kwenye mita 5 mnapata pikseli 384 kwa kila mita, na namba ya gari yenye urefu wa sentimita 52 itapata karibu pikseli 200. Hizo zinatosha kusomeka. Kasi ya shata (muda ambao kamera hupokea mwanga wa kila picha) iwe 1/500 ya sekunde, kwa sababu namba hurudisha mwanga wa infraredi (usioonekana kwa macho, ambao kamera hutumia gizani) na shata ikiwa ya polepole namba yote inageuka bamba jeupe. Kwa kasi hiyo usiku utaona namba na giza kuizunguka, ndiyo maana kamera ya pili ya kawaida itumike kupiga gari zima na uso wa dereva.

Kuna jambo ambalo wengi hawalishuku: kamera zinazozimika usiku tu. Mara nyingi kosa ni waya. Waya wa mtandao wa alumini iliyopakwa shaba huuzwa kwa bei nafuu, lakini unapoteza umeme njiani. Mchana kamera inafanya kazi. Taa zake za infraredi zikiwaka inahitaji umeme zaidi, inakosa, inajizima na kuwaka tena. Kwangua ncha ya uzi mmoja kwa kisu: ukiona rangi ya fedha ndani, ni alumini. Nunueni shaba tupu, na waya mmoja usizidi mita 100. Wavu wa buibui mbele ya kamera nao huakisi infraredi na kuifunika picha ukungu, kwa hiyo zifutwe kila wiki.

Kamera nane zikirekodi kwa megabiti 2 kwa sekunde kila moja zinajaza gigabaiti 173 kwa siku, yaani kama terabaiti 5.2 kwa siku 30. Diski iwe ya terabaiti 6, ya aina iliyotengenezwa kwa kamera za ulinzi, maana ya kompyuta ya kawaida haikuundwa kuandika mchana na usiku. Saa ya mashine ya kurekodi ikaguliwe kila asubuhi, hasa umeme ukikatika. Picha iliyokosea saa mbili italeta ubishi kituo cha polisi.

Kompyuta iliyoibwa bila kuvunjwa gari inaleta dhana mbili. Ya kwanza ni kifaa kinachovuruga rimoti: dereva anabonyeza akiwa anatembea, gari halifungi, naye hageuki. Mlinzi afundishwe kutazama taa za indiketa. Zisipowaka, amwite mgeni kwa upole avute kitasa. Kwa magari ya safari akague pia paa la kutazamia wanyama kama limefungwa kwa ndani, kwani madereva wakirudi jioni wamechoka husahau. Dhana ya pili ni funguo zilizoachwa mapokezi au kwa waosha magari. Kila ufunguo uning'inizwe kwa namba ya ndoano, bila namba ya gari, na anayeuchukua asaini. Mkumbuke kwamba mkipokea ufunguo mmepokea mali: Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka aliyekabidhiwa mali aitunze kama mtu mwenye busara ya kawaida angetunza yake. Bango la "hatuhusiki na upotevu" lisiwafanye mlegee.

Tairi la akiba lililo mlango wa nyuma lilindwe kwa namna ya kuegesha: gari lirudishwe nyuma hadi libaki sentimita 30 kufika ukutani, mtu asipate nafasi ya kuzungusha spana. Waombeni wenye magari wachonge namba kwenye vioo, kwa kuwa kioo kilichochongwa ni kigumu kuuza.

Walinzi wawili wabadilishane geti na doria kila baada ya saa 2. Doria isiwe na saa maalumu, na izidishwe kati ya saa 8 usiku na saa 11 alfajiri, usingizi unapokuwa mzito. Kila gari lipewe tiketi ya vipande viwili yenye namba yake, na lisitoke mpaka vilingane.

Fundi asilipwe sehemu ya mwisho kabla ya jaribio hili: saa 2 usiku, mtu apite na gari getini taa kubwa zikiwa zimewashwa, kisha ashuke na kutembea taratibu kando ya ukuta wa mpaka. Kama hamkuisoma namba na kuutambua uso wake kwenye picha iliyorekodiwa, kazi haijaisha.