Maswali ya Wasomaji: Chupa kuukuu ya dawa ya bangi

SWALI: Nimenunua boksi la chupa za zamani za duka la dawa. Moja ya kahawia ina lebo "Tinct. Cannabis Ind." na masalia meusi yaliyoganda chini. Nitajuaje kama ni ya kale kweli, na niisafishe vipi?
Msomaji, Mwanjelwa, Mbeya

JIBU: Tuanze na hayo masalia, ndugu yetu. Lebo hiyo ni kifupi cha tincha ya bangi ya Kihindi, yaani dawa ya bangi iliyoyeyushwa kwenye spiriti. Spiriti hukauka, utomvu wa bangi hubaki, na sheria yetu ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 haiangalii umri wa chupa. Usionje, usisuuze. Kaza kizibo, toa taarifa polisi, waamue wao kuhusu kilichomo.

Lebo peke yake haikupi tarehe. Daktari William O'Shaughnessy alitangaza majaribio yake ya bangi kule Calcutta mwaka 1839. Marekani iliitoa kwenye kitabu rasmi cha dawa mwaka 1942, lakini madaktari wa Uingereza waliendelea kuandikia wagonjwa tincha hiyo hadi 1973. Kwa hiyo uliza kioo. Pitisha ukucha kwenye mshono wa ubavuni: ukikoma shingoni, mdomo ulimaliziwa kwa mkono, na chupa za hivyo nyingi ni za kabla ya miaka ya 1920. Ukipanda mpaka juu ya mdomo, ni kazi ya mashine.

Udanganyifu mkubwa ni chupa ya kale kweli yenye lebo ya juzi. Azima ile taa ya zambarau ya kukagulia noti, uimulike lebo gizani. Karatasi ikiwaka buluu-nyeupe, ina kemikali ya kung'arisha iliyoenea baada ya Vita Kuu ya Pili. Ya zamani haiwaki hivyo, hubaki imefifia tu. Mulika karatasi yenyewe, si ukingoni, maana gundi nayo huweza kuwaka. Kisha chukua lenzi: vidoti vya rangi rangi ndani ya herufi nyeusi ni vya printa.

Maji yasiguse lebo. Vumbi litoe kwa brashi laini kavu. Kona iliyobanduka ipake uji mwembamba wa wanga wa ngano, kiasi cha ncha ya kijiti, ukandamize kwa karatasi ya kunyonya hadi ikauke. Selotepu tunaikataa kabisa: hugeuka njano, na siku ukiibandua inaondoka na maandishi.

Mbeya kuanzia Novemba hadi Aprili ukungu hupenda karatasi. Weka chupa kabatini, mbali na ukuta wa nje, pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya, na ubadilishe vikilowa.