Simu moja, wanafunzi 63

Mara ya kwanza nilipojaribu kufundisha kwa teknolojia, nilipoteza kipindi kizima. Niliazima projekta mjini Kigoma, nikapanda nayo bodaboda hadi shuleni kwetu, kwenye kijiji cha wavuvi kusini mwa Ujiji, nikaziba madirisha kwa vitenge. Video ya Bonde la Ufa ilicheza dakika nne, umeme ukakatika. Wanafunzi 63 wa Kidato cha Pili wakakaa gizani wakiningoja mimi, nami nikiungoja umeme. Sikuwa nimeandaa chochote cha ubaoni.

Tangu siku ile naandaa somo kana kwamba umeme haupo kabisa. Likishasimama lenyewe, ndipo najiuliza simu itaongeza nini ambacho chaki haiwezi. Nasema simu kwa sababu ndiyo niliyo nayo, moja tu, na wanafunzi hawaruhusiwi kuja na za kwao.

Kwa somo lilelile la Bonde la Ufa nilichukua vipindi viwili mfululizo, dakika 80. Makundi saba ya watu tisa, kila kundi dakika 10 na simu, mengine yakikokotoa na kuchora. Swali lilikuwa ubaoni: uso wa Ziwa Tanganyika, lililo ndani ya Bonde la Ufa, uko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, na kina chake kinafika mita 1,470. Sakafu yake iko wapi? Walitoa, wakapata hasi 700, wakafuta wakidhani wamekosea. Simu ilipowafikia na wakaona kipande cha katikati cha ardhi kikididimia, waliirudisha hasi yao wenyewe. Video ile haikuzidi dakika tatu. Ingetangulia, wangeitazama kama sinema.

Angalia pia nani anaishika simu. Kwangu walikuwa vijana walewale watatu, wasichana wakichungulia kwa nyuma. Sasa anaishika yule ambaye hajasikika darasani wiki hiyo, na hakuna mjadala.

Lakini kilichobadilisha ufundishaji wangu ni kinasa sauti, kitu ambacho kipo hata kwenye simu ya bei ndogo. Jiografia sekondari tunaifundisha kwa Kiingereza, na watoto hawa nyumbani wanaongea Kiha na Kiswahili. Niliuliza kwa nini wavuvi wa dagaa hupumzika usiku wa mbalamwezi. Kimya. Nikawaambia, nendeni chini ya mwembe, ielezeni simu kwa lugha yoyote.

Binti ambaye karatasi zake zilikuwa zinarudi karibu tupu alieleza kwa Kiha, mwenzake akafasiri: dagaa hufuata mwanga, ndiyo maana wavuvi huenda na taa, mwezi ukiwa mkubwa, ziwa zima lina mwanga, samaki hawakusanyiki tena penye taa. Sababu na matokeo, bila pengo. Tuliisikiliza darasa zima, tukaiandika kwa Kiswahili, kisha tukaivusha pamoja kwenda Kiingereza, sentensi kwa sentensi. Niliumia kufikiria ni mara ngapi nilimpa sifuri mtoto aliyelijua jambo na kukosa lugha tu. Mwalimu mwenzangu, ukichukua kitu kimoja hapa, chukua hiki.

Maandalizi ni madogo. Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada. Navipakua nikienda mjini mwisho wa mwezi. Programu ya Kiwix inakuwezesha kusoma Wikipedia bila intaneti ukishaipakua. Simu naichaji kwa jirani, kwenye betri ya sola ya taa zake za kuvulia. Kabla ya kipindi zima data na uondoe picha zako binafsi, maana simu itapita mikononi mwa watoto. Na mwambie mkuu wa shule mapema unachofanya, asije akaikuta kwa mwanafunzi ukaanza kujieleza.

Ukitaka kurekodi wazee, omba ruhusa kwanza, na wasikilizishe walichosema kabla hujaondoka. Tulimwendea mzee mmoja aliyevua tangu enzi za karabai. Aliwaonyesha wanafunzi mahali maji yalipofika ziwa lilipopanda mwaka 2021, wakapima kwa kamba hadi ukingo wa leo. Alipoisikia sauti yake alinyamaza kidogo, akasema, “Mwalimu, futa. Nimesahau kuwaambia habari za upepo.” Akaanza upya, akaongea nusu saa.

Rekodi hiyo ninayo, pamoja na nyingine 11, kwenye memori kadi niliyoihifadhi ndani ya kiberiti kitupu. Jumatatu Kidato cha Kwanza wanaanza na ile ya upepo.