Stendi ya Gari ya Kujitengenezea: Acha Chuma Kikalie Chuma

Ukipita gereji za uswahilini hapa Dar, kuanzia Tabata hadi Mbagala, utakuta magari yamepandishwa juu ya kila kitu: matofali ya saruji, vipande vya magogo, ringi kuukuu, na mara nyingine jeki peke yake huku fundi yuko uvunguni, imebaki miguu tu nje. Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kushikilia. Sili ya jeki, ile raba inayozuia mafuta, ikichoka na mafuta yakirudi, gari linashuka bila kupiga hodi. Tofali la matundu ni baya zaidi, maana halitoi dalili. Linabeba, linabeba, halafu linapasuka kwa mpigo mmoja.

Mimi ni mchomeleaji. Kazi zangu za kila siku ni mageti, madirisha na mabodi ya malori, na stendi, yaani nguzo za chuma za kushikilia gari likishanyanyuliwa, nimetengeneza za kwangu na za mafundi magari wanaonizunguka. Ninayoandika hapa ni kwa mtu mwenye grainda na mashine ya kuchomelea ambaye mkono wake umeshazoea. Kama ndiyo kwanza unajifunza, nunua za dukani, au panga mbao nene kwa mtindo wa kukatishana kama kisanduku. Geti likiachia weldi ni aibu tu. Stendi ikiachia ni msiba.

Jambo ninalomwambia kila anayekuja kuniuliza ni hili: uzito wa gari upite kwenye chuma kilichokalia chuma, toka kichwani hadi kwenye kitako, na weldi ibaki na kazi ya kuzuia vyuma visihame. Nguzo isimame juu ya bamba la kitako, na kichwa kikae juu ya mdomo wa nguzo. Nimeona stendi ambazo kichwa kimebandikwa ubavuni mwa paipu, yaani gari zima linaning'inia kwenye mstari wa weldi wa sentimita tano. Zinapendeza zikishapakwa rangi, lakini mimi siingii chini yake.

Kwa sababu hiyohiyo, usihangaike kuiga zile za dukani zenye meno na wenzo. Meno yale yanataka vipimo vya kiwandani, na hata viwandani wanakosea. Mwaka 2020 kampuni ya Harbor Freight ya Marekani iliwataka wateja warudishe stendi zake za Pittsburgh, zaidi ya milioni 1, kwa sababu kibano kilikuwa hakiingii sawasawa kwenye meno baada ya vifaa vya kutengenezea kuchakaa. Baadhi ya zilizotolewa badala yake nazo zikarudishwa mwaka huohuo, safari hii kwa weldi mbovu. Kama kiwanda chenye mashine zote kimeyumba hapo, wewe mwenye grainda na tupa utapita wapi? Tengeneza ya urefu mmoja, au ya pini, yaani ile inayobadilishwa urefu kwa bolti inayopita kwenye matundu. Mimi napenda zaidi ya urefu mmoja. Haina kinachoweza kuteleza.

Tuje kwenye chuma chenyewe. Nenda mtaa wa Gerezani hapa Dar au kwa wauza skrepa wa karibu yako, lakini beba kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, mfukoni. Muuzaji atakupigia kipande kwa nyundo na kukuambia, "Bosi, hii nzito, haipindi hii." Mjibu kwa heshima, "Sawa kaka, ngoja nipime." Pima ukuta wa paipu pale ilipokatwa, na kwanza ondoa makovu ya kukatia kwa tupa, maana yanaongeza unene wa uongo. Skwea paipu za mageti mengi ni za milimita 1.2 hadi 1.5. Hizo ziache zibaki kwenye mageti: ukuta unabonyea, na weldi inautoboa kabla haijashika. Mimi natumia ya 60 kwa 60 yenye ukuta wa milimita 4. Kipande kifupi cha namna hiyo kina eneo la chuma la karibu milimita za mraba 900, na chuma cha kawaida kinaanza kulegea kwenye kama nyutoni 250 kwa kila milimita ya mraba. Piga hesabu, unapata tani 22 hivi kabla nguzo haijaanza kusinyaa. Toyota IST nzima ni tani 1 na kidogo, Noah ni kama tani 1 na nusu. Nguzo haitakuangusha. Kitakachokuangusha ni mkato uliopinda, tundu lililopasuka au kitako chembamba.

Vyuma viwili vikatae hata ukipewa bure. Cha kwanza ni springi ya lori. Ni ngumu, na ndiyo inayowavutia watu, lakini kaboni yake ni nyingi. Ukiichomelea, pembeni mwa weldi panakuwa pakavu, na pasipotarajiwa panakatika bila kupinda kwanza. Cha pili ni paipu ya maji yenye zinki. Ukiichoma bila kuisugua zinki yote, moshi mweupe ule unakupa homa na kutetemeka usiku. Na maziwa mnayoagiza baada ya kazi hayasafishi mapafu, jamani. Yanywe kwa sababu ni matamu.

Sasa kukata, na hapa ndipo penye kazi. Kama uzito unapita kwa chuma kukalia chuma, basi mdomo wa nguzo ukiwa umepinda milimita 2, nguzo inakalia kona moja tu, na pengo la upande wa pili unalijaza kwa weldi. Hapo umeshairudisha weldi kwenye kubeba mzigo.

Kwenye skwea paipu, chora pande zote nne kwa skwea na sindano ya kuchorea, siyo chaki. Mstari wa chaki una upana wa diski mbili. Mstari wa nne ukikutana na wa kwanza kwenye kona, umechora vizuri. Usipokutana, skwea yako imepinda au paipu ina kovu mahali, rudia. Kwenye paipu ya duara, chukua ukanda wa karatasi ya mfuko wa saruji wenye ukingo ulionyooka, uzungushe kwenye paipu mpaka ukingo ulale juu ya ukingo wenyewe, ubane, kisha chora kando yake. Hakuna kifaa cha bei kinachoshinda ukanda huo.

Kata kwa diski nyembamba ya milimita 1 au 1.2, na usiipitishe toka upande mmoja hadi wa pili. Pita juujuu kwanza kwenye mistari yote minne, upate mfereji, ndipo ugeuze paipu na kukata upande mmoja baada ya mwingine. Diski nyembamba ikizama sana inaanza kufuata njia yake. Kipande kinachodondoka kiachwe kining'inie huru. Ukikiegemeza, njia inabana diski, na grainda inakurukia. Ukiwa na mashine ya mezani ya diski kubwa ya inchi 14, kazi ni rahisi zaidi, ila hakikisha kwanza kibano chake kiko nyuzi 90. Nyingi za mtaani zimeshalegea, na mwenye mashine hajui kwa sababu geti halimlalamikii.

Halafu kuna ile tabia ya kuchukua diski kubwa ya milimita 230 iliyoisha nusu na kuifunga kwenye grainda ndogo, kava limetolewa ili ienee. Soma maandishi ya diski: imeruhusiwa mizunguko isiyozidi kama 6,600 kwa dakika. Grainda ndogo inazunguka 11,000. Inapopasuka, vipande vinatoka kwa mwendo ambao miwani ya jua ya Kariakoo haivizuii. Vilevile usisugulie kwa ubavu wa diski ya kukatia. Ubavu haukuumbwa kwa kazi hiyo. Angalia pia pete ya chuma katikati ya diski, mara nyingi ina mwezi na mwaka wa kuisha muda, maana gundi yake inachoka, hasa kwenye unyevu wa pwani.

Kama huna haraka, msumeno wa mkono na vaisi nzuri vinatoa mkato ulionyooka kuliko grainda ya mtu mwenye pupa. Kwa ukuta wa milimita 4, blade ya meno 24 kwa inchi inafaa: angalau meno matatu yawe ndani ya chuma wakati wote, la sivyo yanang'oka. Meno yatazame mbele.

Ukimaliza, simamisha kipande juu ya kigae kizuri au kipande cha kioo nene, weka tochi ya simu nyuma, chungulia. Mwanga ukipita chini ya ukingo, chukua tupa. Sugua, simamisha, chungulia tena. Vijana wengi wanaona huku ni kupoteza muda. Kwangu hii ndiyo kazi yenyewe, kuchomelea ni kumalizia.

Ukiamua kutengeneza ya pini, toboa matundu kwa drili, kamwe si kwa tochi ya gesi. Tundu la gesi halina duara, na bolti inakalia nukta mbili tatu tu. Watu huhangaika na ukubwa wa bolti, wakati bolti siyo tatizo. Bolti ya milimita 20 yenye namba 8.8 kichwani, namba inayoonyesha nguvu yake, inahimili zaidi ya tani 10 ikikaa kwenye kuta mbili. Lakini kama ukuta wa paipu ni milimita 3, mzigo wote unakalia milimita 3 mara 20 kila upande, na tundu linaanza kutanuka kwenye tani 3 hivi. Kwa hiyo ongeza unene pale penye tundu: chomelea kipande cha bamba nje kwanza, ndipo utoboe vyote kwa pamoja. Na sehemu ya bolti isiyo na nyuzi ndiyo ipite kwenye kuta zote. Nondo isitumike kama pini. Mbavu zake zinafanya ikae juu ya vidonda.

Kitako, wengi wanapenda miguu minne ya engo, chuma cha umbo la L, iliyotanuka kwa sababu inafanana na ya dukani. Kwenye sakafu ya saruji ngumu ni sawa. Lakini gereji zetu nyingi ni mchanga. Miguu minne ya engo ya 40 kwa 40 yenye unene wa milimita 4 inakanyaga sentimita za mraba 12 tu kwa jumla. Uwekee kilo 500, kila sentimita ya mraba inabeba kilo 40 na ushei, na kwenye mchanga inazama, tena inazama upande mmoja kwanza. Bamba la milimita 6 lenye sentimita 30 kwa 30 linakanyaga sentimita za mraba 900, na mzigo wa kila moja unashuka hadi karibu nusu kilo. Kwa nguzo yenye urefu wa sentimita 38 sipunguzi kitako chini ya hapo. Ongeza mabega manne ya pembetatu toka nguzo hadi bamba ili isiyumbe, na kata ncha ya pembetatu inayoingia kwenye kona, weldi ya nguzo ipite bila kukwama.

Kichwa ni bamba la milimita 8 likifunika mdomo wote wa nguzo, na juu yake masikio mawili ya flatibaa, yaani chuma bapa, yanayozuia chasisi isiteleze. Kwa Hilux au Land Cruiser yenye chasisi inatosha. Kwa IST, Vitz na Passo, gari linanyanyuliwa kwenye ule ukingo wa bati chini ya mlango, kwa hiyo weka kipande cha raba ngumu chenye mfereji katikati, ukingo uingie humo. La sivyo utaupinda na mwenye gari atakuja juu.

Kuchomelea nitasema machache. Tumia vijiti vya kuchomelea vya aina ya 6013 vya milimita 3.2 kwa ampea 110 hadi 130, na visiwe vimelala dirishani msimu mzima wa masika. Jioni umeme ukiwa hafifu acha kabisa, weldi italala juu ya chuma bila kuingia, na kwa macho itaonekana nzuri. Kabla ya kugusa stendi yenyewe, chomelea vipande viwili vya masalia kama herufi T, upande mmoja tu, kisha viweke kwenye vaisi na uvipige nyundo vipinde kuelekea kwenye weldi mpaka vivunjike. Ukiona weldi imebanduka na kuacha chuma kisafi chenye alama ya grainda chini yake, haikuingia. Panda ampea, rudia.

Usiingie uvunguni siku ya kwanza. Mimi nalenga kila stendi ibebe tani 1 kazini, kwa hiyo naipeleka kwa fundi mwenye presi ya kutolea beringi yenye geji, tunaiminya hadi tani 2 huku tumesimama pembeni, si mbele. Kabla na baada napima urefu wa nguzo na kuweka rula juu ya kitako. Bamba likibaki limejipinda hata kidogo, linarudi mezani. Kisha naipaka rangi nyeupe nyembamba, bila puti. Kwenye nyeupe ufa unajitangaza mapema, unatokea mstari wa kutu kama unywele pembeni mwa weldi. Ukiuona, usiuzibe kwa weldi juu ya weldi. Kata stendi vipande viwili kabisa, maana ukiitupa ikiwa nzima kuna kijana ataiokota na kuitumia.

Ukishusha gari juu yake, litikise kwa nguvu ukiwa nje kabla hujalala chini. Jeki iache ikigusa, na tairi ulilolitoa lisukume chini ya ubavu wa gari. Na zitengenezwe mbili mbili, kwa vipimo vilevile, kwa sababu jirani atakuja kuazima moja, na wewe utabaki unatafuta tofali.