Mwanangu, kuhusu lile sanduku na lile kabati

Mwanangu mpenzi,

Waaleikum salaam. Ujumbe wako nimeupata na picha zote mbili nimeziangalia: sanduku la njumu, lenye nakshi za shaba, uliloliona Ndia Kuu, Mji wa Kale Mombasa, na kabati la mvule la yule mama wa mtaa wa Tudor anayehama na kuuza vyombo vyake. Umeniuliza uchukue lipi, maana chumba chenu hakina pa kuweka nguo na pesa zenu zatosha kimoja tu. Ukaniuliza pia utajuaje kama sanduku ni la kale kweli au ni la juzi limepakwa rangi ya uzee.

Chukua kabati, ikiwa ndani yake ni pazima. Sanduku ni zuri, nami nalipenda kuliko ulipendavyo wewe, lakini shida uliyo nayo halitaiondoa.

Anza na vitu utakavyoweka. Sanduku ni la vitu visivyotoka kila siku. Ukitaka kilicho chini, sharti utoe vyote vya juu. Na likishapata nafasi yake chumbani, juu yake patakaa mto, kisha nguo zinazongoja pasi, kisha begi la mtoto, na siku ya kulifungua utaahirisha mpaka Idi. Bibi zako liliwafaa kwa sababu nguo zao zilikuwa za kukunjwa, na nyumba za mawe zilikuwa na zidaka ukutani za kuweka vitu vya kila siku. Sandukuni zilikaa leso mpya ambazo hazijapindwa, dhahabu, hati za nyumba, na kati ya nguo kikuba na asumini vya kuzitia harufu. Wewe una mabuibui ya kutundika, mashati ya kazini ya mumeo, na rundo la nguo za mtoto zinazotakiwa saa kumi na mbili asubuhi. Fleti yenu haina hata kidaka kimoja.

Kabati nalo lina mitego yake, kwa hivyo nenda na futi. Pima ndani, kutoka mlango hadi mbao ya nyuma. Hanga yenye nguo yataka kama sentimita 55 ili mlango ufunge bila kubana mabega. Makabati mengi ya zamani hayafiki hapo, maana nguo zilitundikwa kwenye kulabu. Likiwa la kina kifupi usilikatae kwa hilo tu: fundi aweza kuweka fimbo fupi zinazotoka nyuma kuja mbele, nguo zikatazamana na mlango. Urefu ndio usio na dawa. Pima buibui lako refu kutoka begani hadi pindo, kisha uone kama droo ya chini haili nafasi hiyo.

Sasa uzima wake. Uso wa kabati hauna la kukwambia, kila muuzaji ana vanishi. Toa droo zote uziweke sakafuni, uingize mkono kwenye uwazi wake, kisha uombe livutwe kutoka ukutani ulione mgongo. Mvule wenyewe, ule wa moyo wa mti, wadudu huupata kwa taabu. Zinazoliwa ni mbao za nyuma na za chini ya droo, ambako mafundi hata wa zamani walitia mbao hafifu kwa kuwa hazionekani. Ukiona vitundu vidogo vya mviringo, tazama rangi yake. Vyenye ukingo mweusi na vumbi la zamani huenda wenyewe wamekwisha kuhama. Vyenye ukingo mweupe, na ukigonga mbao kwa kiganja ukaona unga laini unadondoka, hapo bado kuna watu nyumbani. Mgongo ulioliwa hubadilishwa kwa siku moja. Miguu na mihimili ikiwa imeliwa, mshukuru yule mama uondoke. Hata likiwa safi, ukilileta liache kibarazani juu ya kitambaa cheusi kwa wiki nzima kabla halijaingia chumbani kwenu. Unga ukianguka utauona.

Tazama na pembe za droo, pale mbao ya mbele inapokutana na ya ubavuni. Mbao zilizochongwa meno yakaumana zitadumu kuliko sisi sote. Zilizopigiliwa misumari na gundi juu, zitaachana kwa hewa yetu hii.

Na hewa yetu ndiyo sababu nyingine ninayokusukumia kwenye mbao halisi, hata kuukuu. Yale makabati mapya ya unga wa mbao uliogandishwa yanapendeza dukani, lakini sisi tunadeki kwa maji. Maji yakipanda kwenye ukingo wa chini, mbao inavimba, karatasi inabanduka, na haichongeki tena. Kabati lako la Tudor nimeona lina miguu mirefu, tambara na ufagio vinapita chini. Hilo kwangu ni kubwa kuliko umri wake: pasipopita ufagio, mende ndio wenye nyumba. Na usilibandike kwenye ukuta, liachie nafasi ya kiganja, hasa ukuta unaopigwa na mvua, la sivyo koga itaingia kwenye mabuibui.

Masika ikifika droo zitakwama. Usimwite fundi! Mbao hujaa unyevu ikavimba, na fundi mwenye randa mwezi wa Mei atakuchongea droo itakayocheza na kugongagonga kaskazi ikija. Sugua mshumaa au sabuni kavu pale inapoteleza, ungoje jua. Kioo cha mlangoni chenye madoa meusi ni chumvi ya bahari tu, kitumie kupunguzia bei.

Hilo sanduku nitakueleza pia, kwa kuwa najua hulali. Muuzaji amekwambia ni la Zanzibar na lilitoka jumba la sultani. Kila sanduku la njumu nililowahi kuonyeshwa lilitoka jumba la sultani. Huyo bwana sijui alikuwa na nguo ngapi. Ukweli ni kwamba mengi ya hayo yalitengenezwa Bara Hindi, Surat, Bombay na pwani ya Malabar, kwa msaji au sesemu, mbao ngumu za huko, yakaja na majahazi ya kaskazi hadi Lamu, Mombasa na Zanzibar. Kwa hivyo jina la mahali lisikuongezee bei. Peleka sumaku ndogo uiguse njumu: shaba haivuti, chuma kilichopakwa rangi ya shaba kitanasa. Tazama skurubu. Zile za kichwa chenye alama ya msalaba zilianza miaka ya 1930 huko Marekani, basi sanduku la miaka mia na hamsini lenye skurubu hizo, ama limefanyiwa ukarabati ama laongopa. Inua mikono ya shaba ya ubavuni: kwa miaka ikining'inia na kugonga hukwaruza mbao, na alama yake huwa ya upinde, kwa kipimo cha mkono wenyewe. Fungua kifuniko utazame ndani kushoto, aghalabu pana kijisanduku cha vito, na wakati mwingine chini yake droo za siri. Ukingo wa kile kifuniko kidogo uwe umelainika pale vidole vinaposhika, si kila mahali sawasawa. Msasa husugua kote, mkono wa mtu husugua pale unaposhika tu.

Likiwa jipya si haramu. Mafundi wa Lamu wanatengeneza mazuri, bora ulipe bei ya jipya.

Lakini uliniambia huenda kazi ya mumeo ikawahamisha Muscat. Sheria yetu ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale chombo chochote kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895, na hakitoki nchini bila kibali. Basi ukipata la kale kweli ujue umepata na kazi ya makaratasi. Na muuzaji anayeapa kuwa ni la miaka mia mbili, kisha akakwambia utalisafirisha bila shida, moja katika hayo mawili si kweli. Milango ya nakshi ya kabla ya 1946 nayo inalindwa, kwa hivyo ile fikra ya shemeji yako ya kununua mlango auwekee kioo uwe meza, mwambie aulize kwanza. Mimi ningependa milango ibaki milangoni.

Na jambo la mwisho juu ya sanduku: mjukuu wangu ameanza kujishika na kusimama. Kifuniko cha msaji ni kizito na hakina cha kukizuia kisianguke. Ukija kulinunua siku nyingine, fundi atie mnyororo wa kukishikilia, na komeo la nje litolewe, mtoto asije akajifungia ndani.

Kabla hujatoa pesa Tudor, pima ngazi zenu, hasa pale zinapokunja. Muulize yule mama kama kabati linafunguka vipande, mengi ya enzi hizo taji la juu hunyanyuliwa na mbavu zikaachana. Likiwa ni la kipande kimoja, wabebaji wa mkokoteni wataliacha chini na utakuwa umenunua kabati la jirani. Usilisifu mbele yake. Nenda na fundi, usiende na mumeo, yeye hucheka haraka na watu wakapandisha bei.

Ukifika huko nitumie picha ya mgongo wa kabati na ya chini ya droo. Za mbele ninazo.

Nisalimie mkwe wangu, na mjukuu wangu umbusu.

Mamako