Jibu: Kaburi halina jina wala dhahabu, wanajuaje marehemu aliishi vipi?

Mkuu umeuliza kama kaburi halina jina wala dhahabu wataalamu wanajuaje aliyezikwa aliishi vipi. Cheki Amarna, Misri, mji aliojenga farao Akhenaten miaka kama 1350 KK, halafu watu wakauhama ndani ya miaka 20 hivi. Timu ya mwanaakiolojia Barry Kemp ilichimba makaburi ya watu wa kawaida pale, wengi walizungushiwa kitambaa cha kitani halafu wakaviringishwa kwenye jamvi la vijiti limefungwa kamba, basi, wakafukiwa mchangani.

Sasa mifupa ndo inaongea. Mtoto akikosa chakula au akiumwa sana meno yake yanaacha kukua vizuri kwa muda, inabaki mistari kwenye jino na haifutiki hadi anakufa. Uti wa mgongo na viungo vilivyosagika navyo vinaonyesha mizigo mizito, na hapo wamo vijana wadogo kabisa, yaani kwenye makaburi ya upande wa kaskazini wengi wao ni wa kati ya miaka 7 na 25! Mimi hii iliniuma kweli, kwa sababu picha za ukutani za pale Amarna zinaonyesha meza zimejaa vyakula.

Halafu nywele mkuu. Ule mchanga mkavu umezitunza, kuna mwanamke wamemkuta na rasta za kuunganisha kama 70 bado zipo kichwani, kuna mtu alikaa akamsuka yule dada, tena kwa masaa.