Muulize Fundi: Honda ya mzee na tairi la diski

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Honda CG125 aliyoniachia marehemu baba, breki zake ni dramu (zile zilizofungiwa ndani ya kitovu cha tairi) mbele na nyuma. Nabeba mboga kutoka Lushoto kushuka Mombo. Nikifika katikati ya mteremko breki ya mbele inalegea, nabana mpaka vidole vinakufa ganzi. Kuna kijana ananiuzia tairi la mbele la pikipiki ya Kichina ya cc 150, ringi ya spoti inchi 17, lina diski na kalipa yake, yaani kile kibano chenye pedi kinachoibana diski. La kwangu ni 2.75-18, yaani ringi ya inchi 18. Fundi wa hapa anasema atachomelea kishikio cha kalipa kwenye shokapu, ni kazi ya asubuhi moja. Nichukue? (Msomaji, Lushoto)

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Tairi hilo usilichukue. Au tuseme, usilichukue peke yake.

Hamu yako ya diski siilaumu. Barabara hiyo naijua, kona juu ya kona, na mzigo wa kabichi nyuma unakusukuma. Breki ya dramu ikibanwa muda mrefu, joto halina pa kutokea. Dramu inatanuka na kuzikimbia breki shuu, vile vipande vinavyoisugua kwa ndani, na shuu zenyewe zikichemka zinateleza. Ndiyo maana ukifika Mombo ukapumzika kidogo, breki inarudi kama vile hakuna kilichotokea. Diski inakaa wazi kwenye upepo, haichoki upesi hivyo. Hata Honda wenyewe, CG125 ya miaka ya 2000 yenye stata ya umeme waliiwekea diski mbele.

Ninachokataa ni kuchomelea. Mguu wa chini wa shokapu yako ni aluminiamu ya kumiminwa, na ndani yake bomba linapanda na kushuka kwa nafasi finyu sana. Ukiupiga moto unapinda, shokapu inaanza kukwama na kuvuja. Hilo ni dogo. Ukibana breki, diski inataka kuzunguka pamoja na kalipa, na kinachoizuia ni hicho kishikio tu. Kikikatika, kalipa inazungushwa mpaka inajikita kwenye ringi, na tairi la mbele linasimama papo hapo, wewe ukiwa konani na korongo pembeni. Huyo fundi mwambie achomelee keria.

Nunua mbele nzima ya pikipiki moja: shokapu zote mbili zenye masikio ya kalipa yaliyotoka kiwandani, tii ya juu na ya chini (vile vishikio vinavyofunga shokapu kwenye shingo), ekseli, tairi, diski, kalipa, paipu, masta silinda (ile pampu ya mafuta ya breki iliyo usukanini) na kidude cha spidomita. Vyote viwe vimekaa pamoja tangu mwanzo. Ukienda kuokoteza mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kipande hapa kipande pale, fedha utakayookoa itaishia kwa fundi wa kukereza.

Na usilipe kabla ya kupima shingo. Toa usukani wako, pima urefu wa ile nguzo ya tii ya chini, pima na vikombe vya beringi vya juu na vya chini, kisha linganisha na unayonunua. Nguzo ikiwa fupi, achana nayo. Kipenyo kikitofautiana kidogo, kuna beringi za vipimo mbalimbali, tafuta kwanza dukani. Usikubali kujaziwa kwa bati la kopo. Nimeyaona hayo kwa macho yangu, na mwenye pikipiki alikuwa amelipishwa bei ya beringi mpya.

Kama bado unalitamani tairi peke yake, angalia ekseli. Beringi namba 6301 ina tundu la milimita 12, namba 6202 ina tundu la 15. Ekseli ya 12 kwenye tundu la 15 inacheza, na bushi ya kujazia itakuwa na unene wa milimita moja na nusu tu. Kuna pia bomba fupi linalokaa katikati ya beringi mbili ndani ya habu, yaani kitovu cha tairi. Wauza tairi hupenda kulipoteza. Bila hilo bomba, ukikaza nati ya ekseli unazibana beringi kwa ubavu, na hazitadumu.

Kutoka inchi 18 kwenda 17 mbele inashuka kama milimita 13, usukani unakuwa mwepesi kidogo. Si vibaya, ila na mzigo nyuma utausikia. Shokapu za pikipiki nyingine nazo zina urefu wake, kwa hiyo pima kabla ya kusema imeshuka au imepanda. Kidude cha spidomita kitoke kwenye tairi hilohilo, la sivyo mshale utakudanganya.

Masta silinda ina namba imechorwa ubavuni, 12.7 au 14 au 1/2 kwa inchi, ambayo ndiyo 12.7 hiyohiyo. Watu hudhani kubwa ndiyo yenye nguvu. Ni kinyume: kwa kalipa ileile, ya 14 inataka mkono ubane zaidi kwa karibu asilimia 20 kuliko ya 12.7. Tumia iliyokuja na kalipa yake.

Ukishafunga, vuta uzi kutoka tairi la nyuma hadi la mbele, pande zote mbili, uhakikishe yamekaa mstari mmoja. Zungusha tairi, diski ipite katikati ya pedi bila kukwaruza. Siku za kwanza tembea bila mzigo, tena tambarare.

Sasa, ikiwa fedha haitoshi, dramu yako haijafa. Fungua, angalia shuu zimebaki kiasi gani, na kama dramu imeingia mtaro ipeleke ikakerezwe, lakini isipite kipimo cha mwisho kilichoandikwa ndani yake. Weka waya mpya. Ukibana breki, kile kimkono cha chini na waya vifanye pembe mraba, visipitilize. Vikipitiliza, shuu zimekwisha. Mafundi wengine hukichomoa kimkono na kukirudisha jino moja nyuma ili breki ionekane inashika. Huko ni kuficha ugonjwa. Na toka Lushoto ukiwa gia ya pili, injini ikusaidie kushika. Mzee wako bila shaka alishuka hivyo.

SWALI: Fundi, mafuta ya breki yamepungua kwenye kopo la usukani. Naweza kuongeza oili ya injini kidogo nifike mjini? (Msomaji, Muheza)

JIBU: Usithubutu. Oili ya injini inavimbisha raba za ndani, na utabadilisha kuanzia masta silinda mpaka kalipa. Nunua mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko kinavyosema, chupa iliyofungwa, maana ikikaa wazi inavuta unyevu. Lakini kwanza tazama pedi. Zikilika, pistoni inatoka nje na mafuta yanashuka bila kuvuja popote. Pedi zikiwa nzima, pangusa paipu na kalipa kwa kitambaa kikavu, bana breki mara kadhaa, utaona panapolowa.