Fundi wa Kompyuta Anajibu: Mafaili ya Corel yamepoteza sura

SWALI: Kaka fundi, habari za kazi. Nina stesheneri ndogo hapa Morogoro. Natengeneza kadi za harusi na za michango, fulana, mabango na vitambulisho vya shule. Kompyuta yangu ilikuwa nzito mno, nikaipeleka kwa fundi akanipigia Windows upya. Sasa inakimbia, nashukuru, ila nikifungua folda ya kazi za wateja sioni tena picha ya kadi yoyote. Za CorelDRAW zote ni alama ya puto, za Photoshop zote ni alama ya bluu. Mteja akija na kusema anataka ile ya maua mekundu niliyomtengenezea binamu yake, inabidi nifungue faili moja moja huku anatazama saa. Fundi anasema nimrudishie apige Windows tena. Nimpelekee? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Usimpelekee, dada yangu. Hiyo Windows nyingine itakuja na tatizo lilelile, na utalipa mara ya pili.

Anza na jaribio dogo. Fungua folda yenye picha za kawaida za simu, zile za JPEG. Shika kitufe cha Ctrl huku unazungusha gurudumu la mausi mpaka alama ziwe kubwa, maana folda ikiwa katika mpangilio wa orodha hakuna kijipicha kitakachoonekana hata kompyuta ikiwa nzima. Je, JPEG zinaonekana sura?

Kama hata hizo hazionekani, nina hakika ya kutosha kuhusu kilichotokea. Mafundi wengi wakitaka kompyuta ya zamani ionekane nyepesi huenda kwenye mipangilio ya mwonekano na kuchagua Adjust for best performance. Chaguo hilo huzima mapambo yote ya Windows, na vijipicha huhesabiwa humo kama pambo. Bonyeza Start, andika "performance", chagua Adjust the appearance and performance of Windows, kisha weka tiki kwenye Show thumbnails instead of icons. Hizo nyingine ziache zimezimwa kama kompyuta yako ni dhaifu. Hiyo moja ni ya kazi.

Kama JPEG zinaonekana na CDR, yaani mafaili ya CorelDRAW, hazionekani, basi Windows haina kosa. Yenyewe inazifahamu JPEG na PNG, lakini haijui kusoma faili la Corel. Programu ya usanifu inapoingizwa kwa njia yake ya kawaida huacha ndani ya Windows mkalimani wake: folda ikifunguliwa, Windows inamkabidhi faili, naye anarudisha picha. Windows ilipopigwa upya, mkalimani huyo alifutika pamoja na vingine vyote, na swali ni kama Corel uliyowekewa sasa imekuja naye.

Hili unaweza kulithibitisha mwenyewe. Bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na R, andika appwiz.cpl, gonga Enter. Itatokea orodha ya programu zilizoingizwa. Tafuta mstari unaosema Corel Graphics - Windows Shell Extension. Ukiuona, rudi kwenye mstari wa CorelDRAW yenyewe, bonyeza Uninstall/Change, uchague kukarabati, usifute. Mara nyingi hiyo inatosha.

Usipouona, na hata jina la CorelDRAW halimo kwenye orodha ilhali programu unaifungua kila siku, basi umewekewa ile wanayoiita potabo: folda moja iliyonakiliwa kutoka kwenye flashi, unabonyeza inafunguka. Mafundi wanaipenda kwa sababu haichukui muda wala haiulizi leseni. Lakini kwa kuwa haikuingizwa, haikuacha mkalimani popote, na hakuna mpangilio wa Windows utakaoziba pengo hilo. Hapo mwambie fundi wako akuwekee Corel kamili, yenye leseni. Ndiyo, ina gharama. Wewe unaishi kwa programu hii, na hizo za bure za mtaani ndizo zinazoleta virusi kwenye flashi za wateja.

Kuna kisa kingine kinachowapata wenye Corel za kale, kama CorelDRAW 12 ya mwaka 2004. Ile ni ya biti 32, yaani muundo wa zamani wa programu, na mkalimani wake vilevile. Windows nyingi za leo ni za biti 64, na folda za biti 64 haziwezi kumtumia mkalimani wa biti 32. Programu itafunguka vizuri tu, ila vijipicha vitabaki alama.

Usije ukadhani sura za kadi zako zimepotea. Kuanzia CorelDRAW X4, faili la CDR ni kifurushi cha zip ndani yake, na picha ndogo ya kazi yako imehifadhiwa humo. Chukua nakala ya faili moja (nakala, tafadhali, si kadi ya mteja mwenyewe), washa File name extensions kwenye menyu ya View ya folda, kisha badilisha mwisho wa jina kutoka .cdr kuwa .zip na ulifungue. Katika matoleo mengi picha iko kwenye folda ya metadata, halafu thumbnails. Ukiikuta picha pale, ujue faili ni zima na kinachokosekana ni wa kuisoma.

Photoshop ni habari nyingine. Matoleo mengi yanayotumika mitaani hayaleti mkalimani wa PSD, yaani mafaili ya Photoshop, kwenye Windows. Kama zamani ulikuwa unaziona, kuna mtu alikuwekea kiongezo. Ninachopendekeza ni Adobe Bridge, ambayo hupakuliwa bure ukiwa na akaunti ya Adobe; inaonyesha PSD zote kwenye folda, ila za Corel usiitegemee. XnView MP nayo inasoma PSD na ni nyepesi, lakini ni bure kwa matumizi binafsi tu. Mwenye duka anatakiwa kununua leseni.

Ukishatengeneza yote na bado baadhi ya mafaili yanaonyesha alama ya zamani, Windows inakumbuka sura za jana. Fungua Disk Cleanup, chagua C, weka tiki kwenye Thumbnails pekee, thibitisha. Ukifungua folda tena itazichora upya taratibu, na ikiwa ina kadi nyingi iache kidogo.

SWALI: Salaam aleikum ndugu fundi. Nasomea usanifu Mombasa. Mwalimu ametupa mafaili ya AI, yaani ya Adobe Illustrator, kwenye flashi. Kwenye Bridge mengine yanaonekana, mengine yanaonyesha maandishi ya Kiingereza tu, kuwa faili limehifadhiwa bila PDF. Je, yameharibika? Mwanafunzi, Mombasa.

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Hayajaharibika. Faili la Illustrator kwa kawaida hubeba nakala ya kazi katika umbo la PDF, na nakala hiyo ndiyo programu nyingine huisoma. Aliyeyahifadhi aliondoa tiki kwenye Create PDF Compatible File, pengine ili yawe madogo yaenee kwenye flashi. Yafungue kwa Illustrator, tumia Save As, rudisha tiki hiyo. Yakiwa mengi, rekodi hatua hizo mara moja kama Action, kisha uipitishe kwa Batch ili irudiwe kwenye mafaili yote. Yataongezeka ukubwa, hasa yenye picha ndani.

Kama huna Illustrator na unategemea Inkscape, programu nyingine ya usanifu, huwezi kuyatengeneza upande wako, kwa kuwa nayo inasoma sehemu ileile ya PDF ambayo haimo. Mwombe mwalimu ayahifadhi upya.